Damu Nayo Ina Neno: Sonona, Mchochota na Usomaji Wetu wa Riwaya

Kuna mazoea yaliyokita mizizi miongoni mwetu, wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ya kumchukulia kila mhusika aliyekata tamaa kuwa mwanafalsafa. Mhusika akikosa usingizi, twasema anatafakari upweke wa binadamu. Akikataa chakula, tayari ameususia ulimwengu usio na maana. Akijiua, hapo ndipo tunapofurahi hasa, maana tumeshapata sura nzima ya udhanaishi katika tasnifu. Nayasema haya pasi na kumnyooshea mtu kidole. Tasnifu yangu mwenyewe, inayohusu wahusika wanaojiua katika riwaya ya Kiswahili, ilianza vivyo hivyo. Kazimoto wa Kichwamaji na Rosa wa Rosa Mistika nimekaa nao kwa muda mrefu, huku Sartre na Camus wakiwa mezani kama mashahidi wa kudumu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama watu hawa wana mwili.

Rai ninayoitetea katika makala haya ni kwamba tumeusahau mwili, na kwamba usahaulifu huo una gharama nje ya kurasa za tasnifu. Sikuipata rai hii maktabani.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, niliishi chumba kimoja na mwenzangu ambaye jina lake nitalisitiri, ingawa amenipa ruhusa ya kusimulia. Alikuwa malenga. Katika tamasha za chama alipoinuka kughani, ukumbi ulinyamaza. Muhula wa pili ulipoanza, alianza kulala hadi adhuhuri. Alisema mwili umemvunjika, kichwa ni kizito, chakula hakina ladha, na watu wanamchosha. Alikwenda zahanati mara mbili akapimwa malaria, na mara zote mbili hakukutwa na vimelea. Alipotaka kwenda mara ya tatu mimi ndiye niliyemwambia, "Ndugu yangu, acha deko. Amka ufanye kazi." Wiki mbili baadaye alifunga virago akaenda kwao. Huko ndiko daktari alikogundua kwamba alikuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, na kwamba alikuwa na sonona pia. Akatibiwa yote mawili. Alirejea baada ya mihula miwili, nasi bado ni marafiki. Siku moja aliniambia jambo ambalo sijaweza kulisahau: maumivu ya vidole aliyaweza, lililomshinda ni kwamba aliniamini nilipomwita mvivu.

Nilianza kusoma nje ya idara yetu kwa sababu ya aibu hiyo. Niliyoyakuta huko nitayaeleza kwa ufupi, na wasomaji walio na ndugu katika kitivo cha tiba waniwie radhi kwa lugha ya mgeni.

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York waligundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia protini fulani iliyoshikana na kiungo cha bakteria kilichoitwa C. Leo protini hiyo hujulikana hospitalini kwa herufi zake, CRP. Hutengenezwa na ini, kwa amri ya kijumbe cha kinga kiitwacho intaleukini-6. Mwili unaposhambuliwa na bakteria vikali, kiwango chake hupanda hata kuzidi miligramu 100 kwa kila lita ya damu. Mtu mwenye afya aghalabu huwa chini ya 3. Kinachowashughulisha watafiti wa sonona si kile kishindo cha 100, bali ule mwinuko mdogo unaozidi 3 kidogo na kudumu miezi au miaka: moto wa makumbi, usio na ndimi wala moshi wa kuonekana.

Kwamba mwinuko huo na sonona huandamana, hilo sasa halina ubishi mkubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu wazima 73,131 wa Copenhagen na viunga vyake: kadiri CRP ilivyokuwa juu, ndivyo dhiki ya nafsi na sonona zilivyoonekana zaidi. Uchanganuzi mwingine wa mwaka 2019, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba takribani asilimia 27 ya wagonjwa wa sonona walikuwa na CRP inayozidi miligramu 3 kwa lita. Ushahidi ulionishtua zaidi, hata hivyo, ulitokana na dawa. Intaferoni alfa ni kijumbe cha kinga kilichotumiwa kwa miaka mingi kutibu homa ya ini aina ya C na saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Wengi waliodungwa dawa hiyo waliingiwa na sonona, wakiwamo watu ambao hawakuwa nayo kabla. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa wa melanoma waligawanywa makundi mawili: wengine wakaanzishiwa dawa ya sonona wiki mbili kabla ya intaferoni, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Miongoni mwa hawa wa pili, asilimia 45 walipatwa na sonona. Miongoni mwa wale wa kwanza, asilimia 11. Ulikuwa utafiti mdogo, wa watu 40 tu, lakini nauliza: huyu mtu aliyekuwa mzima wa roho Jumatatu, akadungwa sindano, na baada ya wiki kadhaa akawa haoni sababu ya kuishi, tumsome kwa Sartre?

Maelezo ya wanasayansi kuhusu njia yenyewe hayana ajabu kwa mtu yeyote aliyewahi kuugua malaria. Kinga inapoamka, hutuma vijumbe, sitokini, ambavyo habari zake huufikia ubongo kwa njia ya damu na ya neva. Ubongo nao huamuru mwili ujikunyate: lala, usile, usitembee, usitake watu. Kwa siku tatu za homa amri hiyo ni ya busara, kwani huhifadhi nguvu za kupigana na ugonjwa. Balaa huja pale amri inapokosa kufutwa. Aidha, mchochota huielekeza triptofani, malighafi ya serotonini, kwenye njia nyingine ya kemikali, na baadhi ya mazao ya njia hiyo huweza kuzidhuru seli za ubongo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba si dalili zote za sonona zinazoshikamana na CRP kwa nguvu sawa. Zilizo karibu nayo zaidi ni uchovu, usingizi uliovurugika na hamu ya chakula iliyobadilika. Yaani zile alizonitajia mwenzangu, nami nikaziita deko.

Hapa ndipo naomba kurudi nyumbani, yaani katika lugha, kwa sababu sehemu ya kosa langu ilikuwa kosa la msamiati.

Neno nililolitumia, mchochota, limo katika kamusi zetu, lakini halisikiki. Redioni na hata katika vijitabu vya afya utasikia "uvimbe". Sasa, uvimbe ni jambo moja na mchochota ni jambo jingine. Mama akiambiwa ana uvimbe, atadhani ni saratani. Na mtu ambaye mishipa yake ya damu ina mchochota hana popote pa kuonyesha palipovimba. Mchochota umetokana na kitenzi chochota, kile kinachofanywa na pilipili kwenye kidonda. Ni neno linalosikika mwilini kabla ya kueleweka akilini, nami nalipigia kura kwa mikono miwili.

Sonona nayo ina hadithi. Watanzania wameikubali kuwa jina la ugonjwa, ilhali sisi huku Kenya bado tunayumba baina ya unyogovu, mfadhaiko, huzuni na msongo wa mawazo, kana kwamba hayo yote ni mamoja. Msongo si ugonjwa. Huzuni ni haki ya kila mfiwa. Ninaipendelea sonona kwa sababu kitenzi chake hakikuwahi kuchagua baina ya mwili na roho: jeraha husonona, na moyo husononeka. Hata kisonono, ugonjwa ambao haufai kutajwa mbele ya wakwe, chaelekea kuwa wa ukoo huo huo wa maumivu. (Mhariri akilikata hili, nitaelewa.)

Tena tazama mahali tunapoyaweka machungu yetu. Maneno makali hutukata maini. Nyongo ndiyo mkalia ini. Waganga wa pwani walirithi kutoka kwa Waarabu, nao Waarabu kutoka kwa Wayunani, mafundisho ya maji manne ya mwili, na ndiyo maana maneno kama belghamu na safura yangali katika kamusi. Wayunani hao ndio walioita huzuni ya kupindukia kwa jina la nyongo nyeusi. Nilipojua kwamba CRP hutengenezwa na ini, nilijiona kama mtu aliyeokota hazina. Msimamizi wangu alinituliza upesi, naye alikuwa na haki. Wahenga hawakupima damu ya mtu, na nahau si maabara. Tukianza kudai kwamba kukata maini ni ugunduzi wa kitabibu, tutakuwa tumejiunga na wale wanaodai kila kitu kilivumbuliwa kwao. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba msemaji wa Kiswahili anayeulizwa hali ya nafsi yake hujibu kwa mwili, na kwamba jibu hilo si ujinga wala kukwepa swali. "Mwili hauna nguvu." "Kichwa kizito." "Ana mawazo." Hili la mwisho ni la ajabu, kwa kuwa katika lugha yetu mtu akisemwa ana mawazo, hakuna anayemsifu kwa akili, wanamhurumia.

Sasa nitoe tahadhari, maana naiona hatari nyingine ikija kwa kasi. Habari hizi zikifika mitaani zitageuka mara moja kuwa "sonona ni ugonjwa wa damu", na baada ya juma moja kutakuwa na mtu anayeuza chai ya kusafisha damu. Sonona haipimwi kwa CRP. Asilimia 27 maana yake ni kwamba wagonjwa karibu watatu kati ya wanne hawakuwa na mwinuko huo. Tena CRP hupandishwa na mambo chungu nzima: unene wa kupindukia, uvutaji sigara, kisukari, na kwetu hapa malaria, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Wanafunzi wa semiotiki watanielewa. Tulifundishwa kwamba Peirce aliitenga ishara inayofungamana na chanzo chake, kama moshi na moto. CRP ni moshi wa namna hiyo, lakini moshi hausemi nyumba ya nani inaungua. Wadenmark hao hao walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 waliwachunguza watu waliozaliwa na jeni zinazopandisha CRP, wakakuta kwamba jeni hizo hazikuandamana na sonona. Basi protini yenyewe haielekei kuwa chanzo. Yaelekea ni mpiga mbiu tu. Intaleukini-6, inayompa mbiu hiyo, bado inachunguzwa.

Vivyo hivyo kuhusu tiba. Mwaka 2013 kulichapishwa jaribio la Marekani lililowapa wagonjwa 60, ambao sonona yao ilikuwa imekaidi dawa za kawaida, dawa ya kuzima mchochota iitwayo infliximabu. Kwa jumla haikuwashinda waliopewa maji matupu. Ila kwa wale walioanza na CRP inayozidi miligramu 5 hivi, ilielekea kusaidia. Kwa wenye CRP ya chini, maji matupu yalifanya vizuri zaidi. Funzo ninalolichota humo ni lile ambalo mhakiki mzuri hulijua tangu zamani, kwamba hakuna ufunguo mmoja wa kila matini. Tunaloliita kwa jina moja huenda likawa magonjwa kadhaa yaliyovaa kanzu moja.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzangu wa mrengo wa kijamii, kwa sababu nililitoa mwenyewe. Watasema: ukileta damu unaifukuza jamii. Ukisema Rosa alikuwa na kemikali, umemsamehe Zakaria. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na lingenishinda kama si utafiti mmoja wa New Zealand. Katika mji wa Dunedin, watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Mwaka 2007 watafiti walichapisha kwamba wale waliotendewa ukatili utotoni walikuwa, walipofikia umri wa miaka 32, na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na CRP ya juu, hata baada ya kuzingatiwa umaskini wa utotoni, uvutaji sigara na mambo mengineyo. Hebu tulia kidogo hapo, msomaji. Miaka zaidi ya 20 baada ya kiboko, damu ingali inatoa ushahidi.

Kwa hivyo damu haimsamehei Zakaria, bali inamshtaki upya. Kezilahabi alimwumba baba mlevi na mkali, na binti aliyepigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha akatuonyesha njia ndefu inayotoka kwenye kipigo hicho hadi kwenye kifo. Sisi wahakiki tumeieleza njia hiyo kwa maneno ya malezi, mfumo dume na mgongano wa tamaduni. Yote ni kweli. Lakini tumezungumza kana kwamba jamii huingia ndani ya mtu kupitia akilini tu, kwa mlango wa fikra. Ninavyoona sasa, jamii huingia pia kupitia nyamani, na mchochota ni mmojawapo wa milango hiyo. Sidai kwamba Rosa alikuwa na CRP ya juu. Rosa hana damu, ana wino. Ninachosema ni kwamba msomaji aliye na damu anapofundishwa kuuona mwili wa Rosa, atakuwa na macho ya kumwona anayelala kitanda cha pili.

Wengine watasema hii si kazi ya idara ya Kiswahili, na kila ndege huruka kwa ubawa wake. Labda. Hata hivyo nani aliyeyatafsiri maswali 9 ya hojaji ya PHQ-9, yanayoulizwa kwa Kiswahili katika kliniki zetu? Ni watu wa lugha, au ni watu wa tiba wasiokuwa na mtu wa lugha karibu. Swali moja humwuliza mgonjwa kama amekuwa akijihisi amechoka au ana nguvu kidogo. Jingine humwuliza kuhusu kulala, jingine kuhusu kula. Kila kitenzi humo kina uzito. Ukiandika "mvivu" mahali pa "mchovu", umeshamhukumu mtu kabla hajajibu. Mimi nilifanya kosa hilo bila hojaji.

Na hukumu hizo hazikuwa za maneno matupu. Katika nchi yetu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria maana yake: miaka yote tuliyokuwa tukichambua kifo cha Kazimoto kwa maneno makubwa ya uhuru na uchaguzi, Mkenya aliyenusurika na jaribio kama lile angeweza kupelekwa kizimbani kutoka kitandani. Sheria nayo ilishikilia kuwa alichagua. Sisi na hakimu tulikuwa tunasoma kwa nadharia moja, ingawa hatukujuana.

Ombi langu kwa chama ni dogo. Tunayo kamati ya istilahi ambayo kwa miaka miwili iliyopita imeshughulika na kompyuta na simu. Itenge vikao viwili vitatu, iwaalike wenzetu wa kitivo cha tiba, wakae pamoja juu ya sonona, mchochota, msongo na wasiwasi, waamue lipi ni lipi, kisha orodha ichapishwe katika jarida hili. Mimi nitaandika kumbukumbu za vikao bila malipo, jambo ambalo wanaonijua watashangaa kulisikia.

Kwa upande wangu, nimeanza na tasnifu. Katika rasimu ya sura ya tatu nilikuwa nimeandika kwamba uchovu wa wahusika hawa "ni sitiari tu ya kukosa maana". Nimelifuta neno "tu". Msimamizi wangu ameuliza pembeni, kwa kalamu nyekundu, sababu ni nini, nami nilimwahidi jibu la maandishi. Hili hapa.